Ushuru wa kasumba: jinsi fedha za dawa za kulevya zinavyolisha vita

Makala ya juma hili nimeyatayarisha nikiwa nyumbani Al Garhoud, mtaa wa Dubai uliopakana na uwanja wa ndege wa kimataifa. Ukisikia ngurumo nyuma ya sauti yangu usidhani kwamba redio yako ina hitilafu. Ni ndege zinazotua na kuruka, na hapa hazikomi usiku wala mchana.

Wasikilizaji kadhaa wamekuwa wakituuliza swali ambalo, ingawa maneno hutofautiana, ni lile lile: vita vinavyodumu miaka 20 au 40 vinagharimiwa na nani? Risasi hununuliwa. Mpiganaji hula, huvaa, na mkewe hudai matumizi. Nchi iliyoteketea haina viwanda, na walipa kodi wake wako kambini wakingoja unga wa msaada. Fedha hutoka wapi?

Jibu moja, ingawa si la pekee, ni dawa za kulevya. Biashara hiyo haianzishi vita. Inachofanya ni kumpa mwenye bunduki mapato ambayo hahitaji kumwomba raia ridhaa ili ayapate. Mtawala anayeishi kwa kodi hulazimika, hata kwa shingo upande, kumsikiliza anayelipa kodi hiyo. Anayeishi kwa mihadarati halazimiki. Na sehemu ya mapato hayo, kwa zaidi ya miaka 30 sasa, imelipwa na vijana wetu wa Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, ambao wengi wao hawajui Afghanistan iko upande gani wa ramani.

Kisa hiki naweza kukieleza kwa maneno matatu ambayo tayari yamo katika lugha yetu, yaani kasumba, ushuru na hawala.

Vijana wa leo wakisikia neno kasumba hufikiria mawazo mabovu yaliyomganda mtu kichwani, kama tunaposema kasumba ya kikoloni. Wazee wa pwani waliijua maana ya asili. Kasumba ni afyuni, utomvu mzito unaotoka katika kichwa cha mpopi kikichanjwa kwa wembe, na ambao ukipitishwa katika kemikali hutoa mofini na hatimaye heroini. Neno lenyewe huenda lilikuja na majahazi ya Gujarat, ambako maji ya kasumba wanayokaribishiwa wageni huitwa kasumbo.

Wala tusidhani kwamba waliogundua siri ya kujaza hazina kwa utomvu huo walikuwa waasi wa milimani. Serikali ya Kiingereza nchini India ilishikilia ukiritimba wa kasumba ya Bengal, ikaiuza kwa mnada mjini Calcutta, na wafanyabiashara wakaiingiza China kinyume cha sheria za China. Mfalme wa China alipojaribu kuizuia, Uingereza ilipeleka manowari. Vikazuka vita vya mwaka 1839 hadi 1842, na vingine mwaka 1856 hadi 1860. Mwalimu wa kwanza wa somo hili, basi, alikuwa dola lenye bunge, mahakama na maaskofu.

Tuje Afghanistan. Hadi mwaka 1979 nchi hiyo ilikuwa mkulima mdogo tu wa kasumba. Mwaka huo mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja. Mapinduzi ya Iran yalikata kilimo cha mpopi nchini humo. Jenerali Zia ul-Haq, mtawala wa kijeshi wa Pakistan, aliipiga marufuku kasumba katika sheria zake mpya za Kiislamu. Na mwezi Desemba majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia Kabul.

Vita vilivyofuata viliharibu mifereji ya maji, vikafunga barabara na kutawanya masoko. Mkulima wa ngano alihitaji maji ya kutosha, lori, na amani ya kufikisha magunia mjini. Mkulima wa kasumba hakuhitaji hata kimoja. Kasumba haiozi, mavuno ya shamba zima hubebwa na punda mmoja, na mnunuzi huja mwenyewe hadi mlangoni. Zaidi ya hayo kulikuwa na mkopo uitwao salaam: wakati wa kupanda, tajiri hununua mavuno ambayo hayajaota, mara nyingi kwa nusu ya bei, na familia ikapata cha kula majira ya baridi. Katika nchi isiyo na benki, mpopi ulikuwa ndio benki. Mavuno yakikosekana, deni hubaki pale pale. Wako akina baba waliolilipa kwa kuwaoza binti zao wadogo kwa wenye deni.

Katika jimbo la Helmand, kamanda wa mujahidina Mullah Nasim Akhundzada aliielewa hali hiyo mapema kuliko wengi. Aliwawekea wakulima kiwango cha mpopi wanachopaswa kupanda, akatoza, akalipa wapiganaji wake. Aliuawa mwaka 1990, muda mfupi baada ya kukubaliana na Wamarekani kukipunguza kilimo hicho kwa malipo. Jina la ukoo huo tutakutana nalo tena.

Hapo ndipo linapoingia neno letu la pili. Taliban walipoishika Kandahar mwaka 1994, na Kabul mwezi Septemba mwaka 1996, hawakuwa na bajeti ya kuitwa bajeti. Walichokuwa nacho ni ushr, fungu la kumi la mavuno ambalo tangu zamani mkulima wa vijijini alimtolea mulla wake. Waliligeuza kuwa kodi ya dola, na kasumba ikatozwa sawa na ngano. Wafanyabiashara na wenye malori walitozwa zaidi. Ushr na ushuru ni neno moja, msikilizaji, lile lile linalosomeka mpaka leo katika risiti za forodha za Mombasa na Tanga.

Ni nchi tatu tu zilizoitambua serikali hiyo: Pakistan, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Shirika la ndege la Afghanistan, Ariana, likaendelea kuruka kati ya nchi hiyo na Falme hizi hadi Novemba 1999, wakati Azimio namba 1267 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipozizuia ndege za Taliban. Waziri aliyesimamia usafiri wa anga aliitwa Mullah Akhtar Mansour.

Mtu huyo anastahili kutazamwa kwa dakika moja. Mwaka 2015 alitangazwa kiongozi mkuu wa Taliban, na Mei 2016 ndege ya Marekani isiyo na rubani ikamuua katika jimbo la Balochistan, Pakistan. Orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeeleza kwamba kufikia mwaka 2011 alijihusisha na biashara ya dawa za kulevya, hasa kupitia mahali paitwapo Gerd-e-Jangal. Pasipoti iliyookotwa alipouawa ilikuwa ya Pakistan, ikiwa na jina la Wali Muhammad. Kumbukumbu za uhamiaji zilionyesha kwamba mwenye pasipoti hiyo alisafiri kutoka Karachi kuja Dubai tena na tena. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa akitafutwa katika milima ya Hindu Kush alipanga foleni ya pasipoti, akagongewa muhuri, akatoka nje kutafuta teksi kama mimi na wewe.

Nirudi nyuma kidogo. Julai mwaka 2000 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na dunia ikashangaa kuona amri hiyo ikitiiwa. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mavuno yalianguka kutoka tani zaidi ya 3,200 mwaka huo hadi tani 185 mwaka 2001. Wengi walipiga makofi. Wachache waliuliza kuhusu akiba iliyokuwa ghalani, kwa sababu bei ya kasumba ilipanda mara kadhaa na aliyekuwa na ghala alitajirika bila kupanda hata mbegu. Aliyeumia ni mkulima mwenye deni la salaam, ambalo sasa alitakiwa kulilipa kwa utomvu asiokuwa nao.

Majeshi ya Marekani na washirika wake yalipowaangusha Taliban mwishoni mwa mwaka 2001, mpopi ulirudi kabla serikali mpya haijapata viti vya kukalia. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulikadiria mavuno ya tani 8,200. Ni rahisi kusema kwamba fedha hizo zilikwenda kwa waasi, na ndivyo tulivyozoea kutangaza katika taarifa zetu za habari. Lakini upande wa serikali nao ulikula. Gavana wa Helmand, Sher Mohammed Akhundzada, mpwa wa yule Mullah Nasim, alikutwa mwaka 2005 na tani tisa za kasumba katika ofisi yake. Alieleza kwamba zilikuwa zimekamatwa kwa wahalifu. Waingereza walishinikiza aondolewe kabla ya wanajeshi wao kuwasili jimboni, naye akaondolewa. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba wapiganaji wake wapatao 3,000, aliokuwa hana tena cha kuwalipa, walihamia kwa Taliban.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani. Wanaume 3,000 walibadili upande kwa sababu ya mshahara, na mshahara wenyewe, pande zote mbili, ulitoka shamba moja.

Afghanistan haiko peke yake, na kwa habari ya utawala wa kijeshi mfano wake si hata ulio mkongwe zaidi. Burma, ambayo leo ni Myanmar, iliangukia mikononi mwa Jenerali Ne Win mwaka 1962. Mwaka uliofuata jeshi lake liliwaruhusu wanamgambo wa mikoani kusafirisha kasumba katika barabara za serikali, mradi wapigane na waasi. Mmoja wa wanamgambo hao, Khun Sa, alikuja kuwa mfalme wa heroini wa Asia ya Kusini Mashariki. Alipojisalimisha kwa jeshi Januari 1996 hakufikishwa mahakamani. Aliishi Yangon hadi alipofariki dunia mwaka 2007. Bolivia nayo ilikuwa na mapinduzi ya Julai 1980 ya Jenerali Luis García Meza, yaliyopewa hadharani jina la mapinduzi ya kokeini.

Hapa Afrika tuna Guinea-Bissau, ambako kokeini ya Amerika ya Kusini hupitia ikielekea Ulaya. Machi 2009 mkuu wa majeshi aliuawa kwa bomu, na saa chache baadaye wanajeshi wakamuua Rais João Bernardo Vieira. Aprili 2012 jeshi lilipindua serikali. Mwaka mmoja baadaye mkuu wa zamani wa jeshi la majini, José Américo Bubo Na Tchuto, alinaswa baharini na maofisa wa Marekani waliojifanya wanunuzi wa kokeini. Novemba 2025 wanajeshi walichukua tena madaraka, safari hii wakidai kwamba wanazuia njama yenye mkono wa walanguzi wa dawa za kulevya. Katika nchi ambayo mapato halali ya serikali ni kiduchu, Ikulu yenyewe hugeuka kuwa lango la bandari, na anayelishika lango ndiye atozaye.

Sasa turudi Dubai, na neno la tatu. Wasikilizaji wa makamo watakumbuka hawala ya posta, ile karatasi uliyonunua Nairobi au Dodoma ili mzazi kijijini akabidhiwe fedha taslimu. Hawala ya Deira ni ndugu yake mkubwa asiye na karatasi. Mtu wa Lashkar Gah humpa dalali fedha na hupokea namba ya siri. Simu hupigwa. Dalali wa Dubai humlipa mwenye namba, siku hiyo hiyo. Fedha zenyewe hazijasafiri. Madalali wawili hubaki wakidaiana, na deni hulipwa baadaye kwa matairi, vitambaa, magari yaliyotumika au dhahabu.

Nisieleweke vibaya. Hawala ni mkombozi wa maelfu ya vibarua wanaojenga mnara baada ya mnara katika mji huu, na familia nyingi za Kisomali zisingenusurika miaka ya 1990 bila hiyo. Falme hizi pia ziliitisha mkutano wa kimataifa Abu Dhabi mwaka 2002 kuhusu kuisajili na kuisimamia. Tatizo ni kwamba namba ya siri haisemi kama nyuma yake kuna ujira wa kubeba zege au ushuru wa kasumba.

Wengine hawakuhangaika hata na namba ya siri. Walibeba masanduku. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Afghanistan yenyewe, mwaka 2011 pekee dola zaidi ya bilioni nne taslimu ziliondoka kupitia uwanja wa ndege wa Kabul, na Dubai ilikuwa kituo chao kikuu. Hazikuwa zote za kasumba. Zilikuwamo za misaada, za kandarasi za kijeshi na za rushwa ya forodha, na zikishafungwa pamoja katika sanduku moja nani atazitenganisha? Kabul Bank, iliyokaribia kuanguka mwaka 2010 ikiwa na pengo la karibu dola milioni 900, ilianzishwa na Sherkhan Farnood, aliyetajirika kwanza kwa hawala. Sehemu ya fedha za wateja ilikuwa imenunulia majumba ya kifahari kwenye kisiwa cha Palm Jumeirah. Farnood alifungwa, akafia gerezani mwaka 2018.

Ajabu ni kwamba mji huu ni mkali mno kwa dawa zenyewe. Wasafiri wamewahi kufungwa kwa chembe ya bangi iliyonata kwenye soli ya kiatu. Mwaka 2023 polisi wa Dubai walikamata zaidi ya tani 13 za vidonge vya captagon vilivyofichwa ndani ya milango na mbao za samani. Vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa nguzo ya uchumi wa vita wa Syria. Baada ya Bashar al-Assad kukimbia Desemba 2024, viwanda vyake vilikutwa wazi, mashine zikiwa mahali pake, vingine katika majengo yaliyohusishwa na kikosi cha ndugu yake Maher. Kwa dawa, basi, mlango wa hapa umebana. Kwa fedha, ulikuwa wazi kwa muda mrefu.

Kuna jirani mwingine wa kutajwa, Sharjah, mwendo wa dakika 20 kwa gari barabara ikiwa nyeupe, jambo ambalo ni nadra. Katika miaka ya 1990 uwanja wake wa ndege ulikuwa maskani ya Mrusi Viktor Bout, ambaye ndege zake zilitajwa katika taarifa za Umoja wa Mataifa kuhusu silaha zilizoingia Angola, Liberia na mashariki ya Kongo. Alikamatwa Bangkok mwaka 2008 katika mtego wa watu waliojifanya waasi wa FARC wa Colombia, jeshi la msituni lililojilisha kwa kokeini. Desemba 2022 alibadilishwa kwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Brittney Griner, aliyekuwa amefungwa Urusi kwa mafuta kidogo ya bangi. Mabadilishano yalifanyika kwenye uwanja wa ndege wa Abu Dhabi.

Nimemtaja Bout kwa ajili ya wasikilizaji wetu wa Goma, Bukavu na Kisangani, ambao watauliza: mbona kwetu hakuna mpopi na vita havikwisha? Ni kweli. Kwenu kazi ya kasumba hufanywa na dhahabu na madini ya coltan. Kusini mwa Somalia ilifanywa na mkaa, ambao Baraza la Usalama liliupiga marufuku mwaka 2012 lakini ukaendelea kupakiwa Kismayu kuja Ghuba, ambako huwasha vichwa vya shisha. Dhahabu nyingi ya Kongo inayovushwa kimagendo nayo huishia Dubai. Kinachohitajika ni kitu chepesi kubeba, ghali kuuza, na ambacho mwenye bunduki anaweza kukaa kando ya njia yake.

Na njia ya heroini hupita kwetu. Kutoka Helmand mzigo hushuka hadi pwani ya Makran, inayogawanywa na Iran na Pakistan, kisha hupakiwa katika majahazi. Kaskazi ikianza kuvuma, majahazi huelekea kusini kama yalivyofanya yale ya tende na mazulia ya mababu zetu. Hayaingii bandarini. Husimama mbali, mashua za hapa zikayaendea usiku. Kusi ikichafua bahari, biashara hulala.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya Mombasa. Heroini ikaharibiwa, jahazi likaachiwa pamoja na mabaharia wake, kwa kuwa kikosi hicho cha kimataifa hakina mamlaka ya kuwashitaki. Agosti mwaka huo huo Kenya ilililipua baharini jahazi jingine, Amin Darya, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, kiasi ambacho hakikuwahi kukamatwa nchini humo. Thamani za dola zinazotangazwa baada ya kila tukio sizitaji. Nimezisoma hewani kwa miaka mingi na siziamini sana.

Wapo pia watu wetu waliotajirika. Ibrahim Akasha wa Mombasa alipigwa risasi Amsterdam Mei 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa mwaka uliofuata, na wakahukumiwa miaka 25 na miaka 23. Mshirika wao, Vijaygiri Goswami, alikuwa amewahi kutumikia kifungo hapa Dubai kwa biashara ya Mandrax. Katika kesi ya New York ilielezwa jinsi ndugu hao walivyowahonga polisi, waendesha mashitaka na mahakimu wa Kenya ili wasisafirishwe. Hatukuwa na vita Mombasa. Lakini jambo ni lile lile la Helmand katika kipimo kidogo: fedha isiyohitaji ridhaa ya mtu ilinunua ofisi ambazo raia alidhani ni zake.

Naomba hapa niseme la kwangu. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Mwana wa jirani yetu, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyenifundisha kuogelea pale chini ya Ngome ya Yesu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 heroini nyeupe ilianza kuishinda ile ya kahawia iliyovutwa, na hiyo nyeupe huyeyuka kwa wepesi ndani ya bomba la sindano. Nilipotoka kwenda chuo kikuu yeye alikuwa akiuza masufuria ya mamake. Niliporudi likizo alikuwa teja, na masufuria yalikwisha. Sikujua wakati ule, wala yeye hakujua, kwamba katika kila kete aliyonunua kulikuwa na sehemu ya fungu la kumi aliloachiwa mulla wa Helmand, na sehemu ya gavana, na ya mwenye jahazi, na ya askari wa doria. Mama yake alilipia vita ambavyo hakuwahi kuvisikia hata redioni.

Aprili 2022, Taliban wakiwa wamerudi madarakani, kiongozi wao Haibatullah Akhundzada alipiga marufuku mpopi kwa mara nyingine. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, eneo lililolimwa lilishuka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi hekta 10,800 mwaka 2023. Bei ya kilo ya kasumba ilipita dola 400, na kama mwaka 2001, wenye akiba walicheka. Myanmar, ambako majenerali walikuwa wamepindua serikali Februari 2021 na vita vya wenyewe kwa wenyewe kupamba moto, ikawa mzalishaji wa kwanza wa kasumba duniani. Majahazi ya Makran nayo hayakukaa bure. Hubeba methamfetamini, ambayo haihitaji shamba wala mvua. Oktoba 2025 zaidi ya tani moja ya dawa hiyo ilifikishwa Mombasa ikiwa ndani ya jahazi lililokamatwa baharini.

Upande wa fedha nao umesogea. Machi 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu uliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa na FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha. Ulitolewa tarehe 23 Februari 2024, baada ya kubana sheria na usimamizi wake. Siku hiyo hiyo, katika kikao hicho hicho, Kenya iliingizwa.

Yule mwana wa jirani yetu yu hai. Kwa miaka kadhaa sasa huenda kila asubuhi kwenye kliniki ya Kisauni, akanywa kikombe chake cha methadoni mbele ya muuguzi, kisha akarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza viatu. Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga mguu, na kwa kuwa hawezi kutembea hadi stendi ya matatu alihitaji nauli ya tuktuk ya kila siku. Nilikwenda duka la kubadilishia fedha, Deira, kumtumia dirhamu 200. Karani aliomba kitambulisho, akakipiga picha mbele na nyuma. Akataka jina kamili la mpokeaji, uhusiano wetu, na chanzo cha fedha. Mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, fedha hizi ni za nini. Nilimwambia aandike matibabu.

Kutoka Al Garhoud, Dubai, nakuaga hadi juma lijalo, saa kama hizi.